Kompresa Ilikuwa Ileile

Lusajo mwanangu,

Nilitaka nianze kwa kukusalimu "Ugonile," kama tunavyosalimiana huku kila asubuhi. Nikaandika herufi ya kwanza, nikakumbuka kwamba neno lenyewe linamuuliza mtu kama amelala. Nikaiweka kalamu chini. Nimekaa muda mrefu hapa barazani ndipo nikaweza kuishika tena.

Basi sitakusalimu. Nitakwenda moja kwa moja kwenye habari, maana ni habari uliyopaswa kuisikia ukiwa hai, kutoka kinywani mwangu, mbele ya watu walewale waliosikia ile nyingine.

Ni mimi, Mwalimu Atuganile. Maisha yangu yote nimesahihisha maandishi ya wengine. Hii itakuwa na makosa, niachie hivyohivyo.

Gari la marehemu mume wangu ulilijua kuliko mimi. Lile gari dogo la saluni, la buluu iliyopauka, alilolinunua kwa daktari mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao, wakati wewe hujazaliwa. Yeye bwana shamba, mtu wa mpunga na kokoa, mtu wa matope, lakini gari hilo alilipenda kupita kiasi kwa sababu ya kitu kimoja: kiyoyozi. Mwezi wa kumi na moja, joto likituelemea hata mbwa hawabweki, alikuwa anafunga vioo vyote na kupita mbele ya soko la Kyela polepole, ili watu waone kwamba vioo vimefungwa. Mimi pembeni yake naona aibu, na huku nasikia raha.

Alipofariki nikabaki na gari ambalo sikujua hata fyuzi zake ziko wapi. Wewe ndiye uliyenionyesha.

Siku ya kwanza uliyokuja kama fundi sikukutambua uso. Mtoto niliyemfundisha darasa la pili alikuwa mwembamba, ametoka Ikombe, kule ziwani, kuja kukaa kwa mjomba wake kijijini Ipyana ili asome. Huyu aliyesimama uani kwangu alikuwa mwanaume mwenye ndevu. Nilikutambua kwa mkono. Ulikuwa umeshika bisibisi kwa mkono wa kushoto. Mwaka mzima nilikuchapa rula kwenye huo mkono ili uandike kwa wa kulia, ndivyo tulivyofundishwa kufundisha. Ukaniona ninautazama, ukacheka. "Mwalimu, huu mkono ulishindwa nao." Nilicheka pia, lakini usiku ule nilikaa kitandani nikiwaza.

Ukawa unanifundisha. Sijui kama ulikuwa unajua kwamba unanifundisha, au ulikuwa unaongea tu kama mtu anayependa kazi yake. Ile testa yako, kama kalamu yenye ncha ya sindano na kitaa tumboni, waya wake una mdomo wa kubana. Ubane kwenye hasi ya betri, uchome ncha kwenye waya unaoushuku. Kitaa kikiwaka, moto umefika. Kisipowaka, rudi nyuma hatua moja, pima tena. "Tunaanzia darasa la kwanza, Mwalimu," ulikuwa unasema, na darasa la kwanza lilikuwa fyuzi. Siku zote fyuzi. Hata uwe na uhakika kiasi gani kwamba ubovu uko kwingine.

Unakumbuka ule mwezi ambao nikipiga honi, taa za breki zinawaka? Nilidhani gari lina pepo. Ulilala chini yake dakika kumi, ukatoka na vumbi masikioni, ukasema ni ethi. "Umeme ukikosa njia ya kurudi nyumbani kwake, Mwalimu, unapita kwa jirani." Ukakwangua kutu kwenye bolti moja nyuma ya buti, ukaikaza, yakaisha. Nilikupikia wali na samaki wa mbasa siku ile, ukala ukimaliza mpaka mifupa ya kichwa, kama watu wenu wa ziwani mnavyokula, na mimi nikageuza uso ili usione ninavyocheka.

Ilikuwa miaka sita hivyo.

Sasa nifike pale.

Mwaka jana joto lilipoanza, kiyoyozi kikawa kinaunguruma. Ulisema ni beringi ya kompresa, ile mashine nzito ya mbele uliyoniambia ndiyo inayosukuma gesi ya baridi. Ukaishusha, ukaifungua mezani kwako gereji, ukabadilisha beringi, ukairudisha. Baridi ikaja vizuri. Wiki mbili tu, ikakatika ghafla, ikabaki feni inapuliza joto. Nilikupigia, ukasema uko Busale unatengeneza mota ya mashine ya kukoboa mpunga, utakuja baada ya siku tatu. Mimi nilikuwa na harusi Mbeya. Nikaenda, na nikiwa huko nikampa fundi mmoja aangalie.

Mtu yule hakushika testa. Hata kifuniko cha fyuzi hakufungua. Aliinama, akachungulia, akajifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka, akasema, "Mama, hii kompresa si ya gari hili. Umebadilishiwa. Ya kwako imeshauzwa."

Nilimwamini.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Gereji yake ilikuwa na sakafu ya vigae. Aliniita mama kwa sauti nzuri. Na kabla ya hapo, shemeji zangu walikuwa wameshaniambia zaidi ya mara moja kwamba yule kijana amekuzoea mno, anakula kwako, anaingia jikoni kwako, ipo siku utalia. Kwa hiyo neno lilipokuja lilikuta mahali pa kukaa. Lakini hizo ni sababu, na sababu hazinisaidii. Nilikujua tangu una meno ya utoto, na yule nilimjua kwa robo saa.

Nilikuja moja kwa moja gerejini kwako kutoka safari, hata nguo za harusi sijavua. Ulikuwa umerudi. Mzee Asajile, mwenzako wa pale, alikuwa anachomelea geti. Walikuwepo wanaume watatu wanaosubiri pikipiki yao, na yule mama anayeuza ndizi. Nilisimama barabarani, sikuingia hata chini ya bati. Nikasema kwa ile sauti yangu ya paredi:

"Lusajo, kusoma nilikufundisha mimi. Kuiba umefundishwa na nani?"

Uliweka spana chini taratibu. Hukupandisha sauti. "Mwalimu, shikamoo. Naomba nilipime kwanza."

Nikakuambia hutaligusa tena gari langu.

"Basi Mzee Asajile alipime. Mimi nitasogea mbali kabisa, nitakaa kule barabarani."

Nikawasha gari nikaondoka. Kwenye kioo niliona umesimama palepale, mikono imening'inia.

Ningeishia hapo pengine ungesimama tena. Sikuishia. Nilisema kwenye ibada za nyumba kwa nyumba. Nilisema kwenye mazoezi ya kwaya. Nilisema kwa huzuni, Lusajo, huo ndio ubaya wake. Nilisema nikitikisa kichwa kama mama aliyeumizwa, na watu wanaamini mwalimu mstaafu anayetikisa kichwa. Wakaanza kuulizana, kama amemwibia Mwalimu wake, sisi je? Kufikia Krismasi mbele ya gereji yako palikuwa pameota majani. Nilipita pale nikaona, na nikajiambia ni haki.

Ulinipigia mara tatu. Ya tatu ilikuwa Januari. Nilikuwa nachambua mchele, simu ikalia juu ya stuli, jina lako likaonekana, nikaitazama mpaka ikanyamaza. Sitajua ulitaka kusema nini. Nimeshajaribu kukuwekea maneno mdomoni na kila mara nayafuta.

Halafu ukahamia Tunduma, mpakani, kutengeneza malori.

Habari ilikuja wakati wa mvua kubwa, barabara ya kwetu imekuwa mto. Malaria iliyopanda kichwani. Chumba cha kupanga, huna mtu, siku mbili mlango umefungwa na wapangaji wenzako wanadhani umesafiri. Hapa Kyela usingelala siku mbili bila mtu kuuliza. Ungekosa chai ya saa nne tu, yule mama wa ndizi angemtuma mtu. Mimi ndiye niliyekutoa mahali unapoulizwa nikakupeleka mahali usipoulizwa. Nimeandika sentensi hii mara nyingi na siwezi kuipunguza.

Walikuleta hadi Matema ufukweni, wakakuvusha kwa mtumbwi kwenda kwenu. Sikuja kukuzika. Nilisema mguu unaniuma.

Wiki iliyofuata Mzee Asajile alikuja nyumbani asubuhi, mvua imekatika kidogo. Hakukaa. Mkononi alikuwa na testa yako, ulimwachia ulipoondoka. Akasema, "Mwalimu, fungua boneti. Leo tunapima. Sijaja kwa ajili yako."

Nikafungua.

Alianza darasa la kwanza. Fyuzi: nzima. Rilei, ile swichi ndogo inayoruhusu umeme upite: akaniambia niwashe gari na nibonyeze kitufe cha baridi, tukaisikia inalia tik. Akabana testa kwenye hasi ya betri, akachoma waya unaoingia kwenye klachi ya kompresa, ile sahani ya mbele inayovutwa na sumaku ili kompresa ianze kuzunguka. Kitaa kikawaka. "Moto umefika," akasema. Lakini sahani haikuvutwa. Akageuza mdomo wa testa, akaubana kwenye chanya, akachoma ule waya mwingine, mweusi, wa kurudi. Giza. Akanitazama, na mimi nilishajua anachotazamia, maana wewe ulinifundisha. Ethi haipo.

Akaufuata ule waya kwa vidole hadi chini ya betri ulipofungwa kwenye bodi. Kwa nje ulikuwa mzima, mweusi, unang'aa. Akaukunja, ukakunjika kama kamba mbichi. Akapasua ngozi yake kwa kisu, ndani hapakuwa na shaba, palikuwa na unga wa kijani. "Maji ya betri," akasema. "Yameula kidogokidogo, miaka."

Akachukua kipande cha waya mpya, akaunganisha kutoka klachi hadi hasi. Tak. Sahani ikavutwa, kompresa ikazunguka, injini ikainama kidogo kama inavyofanya. "Ingia ndani, Mwalimu," akasema.

Nikaingia nikakaa. Baridi ikanipiga usoni. Nilizima.

Hakuwa amemaliza. Alichukua tambara akalilowesha petroli, akasugua upande wa chini wa kompresa, kwenye mguu wake, akaniita. Nikainama na kurunzi. Herufi mbili zimekwaruzwa kwa msumari, zimekaa vibaya: herufi za jina la mume wangu. Alikuwa na tabia hiyo, alikwaruza jina lake kwenye jeki, kwenye redio, hata kwenye jembe.

Kompresa ilikuwa ileile. Siku zote ilikuwa ileile.

"Lusajo alinionyesha siku aliyoishusha," Mzee Asajile akasema. "Tulicheka. Alisema bwana shamba ameandika jina kama kwenye daftari."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilikuita mara mbili. Ulikuwa umeshawasha gari."

Akafunga ule waya vizuri, akafunga boneti, akaondoka bila kunywa maji.

Nilikwenda kwa Mchungaji. Akanisikiliza, mtu mwema, akasema nimemweleza yeye, nimetubu mbele za Mungu, inatosha, nisijidhalilishe. Nikamwambia kwamba Lusajo sikumchafua chumbani, nilimchafua mbele za watu. Jumapili, wakati wa matangazo, nikasimama. Nilizoea kusimama mbele ya watoto mia, lakini siku ile nilishika benchi la mbele yangu. Nikasema mimi ndiye niliyemwita Lusajo mwizi. Gari limepimwa, kompresa ni yangu, ubovu ulikuwa waya mmoja chini ya betri. Aliomba alipime nikamkatalia. Alihama kwa sababu yangu. Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Watu walikohoa. Nje, mwenzangu mmoja wa kwaya alinishika mkono akasema, "Mwalimu, umetuaibisha na sisi."

Nikamjibu, "Ndiyo. Na ninyi."

Halafu nikaenda Ikombe.

Unajua ninavyoogopa maji. Niliacha gari Matema, nikapanda mtumbwi, nikashika mbao zote mbili mpaka viganja vikauma, milima imetusimamia kushoto, sikuitazama. Mama yako alikuwa nje anafinyanga. Nilikuwa sijawahi kumwona. Una pua yake. Alinikaribisha vizuri mno, akanipa mkeka, akasema, "Wewe ndiye Mwalimu wake. Alikuwa anakutaja." Akaendelea na chungu chake, anakilainisha mdomo kwa kidole kilicholowa, anakizungushazungusha.

Nilidhani anajua. Lusajo, nilidhani ulimwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mama anayejua, anayesubiri tu nije niseme. Nikaanza kusema, na nilipofika katikati nikaona kidole chake kimesimama. Hukumwambia. Ulimwambia Tunduma kuna kazi nyingi.

Hakulia. Alikiweka chungu chini, akafuta kidole kwenye nguo. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Kwa hiyo alikuwa anakimbia aibu. Mimi nilidhani alikimbilia kazi. Nilikuwa nawaringia wenzangu."

Akakichukua tena chungu chake.

"Nenda, Mwalimu. Leo sina la kukujibu."

Nilipita kaburini kwako. Udongo bado mwekundu. Nilisimama, nikarudi kwenye mtumbwi. Njiani nilijiuliza kama nilikwenda kule kumpa mama yako ukweli au kuutua mzigo wangu mapajani mwake. Hata leo sijui. Ninachojua ni kwamba sasa anaamka nao.

Ukapita mwezi na siku kadhaa. Halafu simu ikaja kutoka namba ya jirani yenu, sauti ya mama yako, haina salamu. "Mwalimu, una gari. Nataka kwenda Tunduma kuchukua vitu vya mwanangu. Nipeleke."

Alfajiri nilikuwa Matema. Alipanda nyuma, akafunga mlango, hakuongea mpaka tulipoanza kupandisha Tukuyu, na alichosema ni kwamba anasikia baridi. Nikampa khanga yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba ya juu, migomba imeinama. Kabla ya kufika mjini, taa nyekundu ya betri ikawaka.

Nilisimamisha pembeni. Hapakuwa na gereji, hapakuwa na mtu, na mama yako nyuma ananitazama kisogo. Nikajiambia, darasa la kwanza. Fyuzi nzima. Nikafungua boneti, nikabonyeza mkanda kwa dole gumba katikati kama ulivyonionyesha, umekaza. Nikaingiza mkono nyuma ya oltaneta, ile inayochaji betri, taratibu, nisiungue, nikagusa nyaya moja moja. Mmoja ukacheza. Ulikuwa umechomoka nusu kwenye soketi yake.

Nikasikia matone hayanipigi tena mgongoni. Nikageuka, mama yako ameshuka, amesimama nyuma yangu ameninyooshea khanga juu ya kichwa.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Yeye."

"Lusajo?"

"Ndiyo, mama."

Lori likapita likaturushia maji miguuni, hakusogea. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Nikamshika mkono, mkono wenye udongo kwenye mikunjo ambao hautoki hata kwa sabuni, nikauingiza pale nyuma, nikaweka kidole chake juu ya ule waya. Nikamwambia, huu ndio uliolegea. Ukisukuma hivi, utasikia unakaa. Akasukuma. Ukakaa, klik. Nikawasha gari, taa ikazimika. Alibaki amesimama mbele ya injini inayonguruma, mvua inamnyeshea, anaitazama, kana kwamba kuna mtu ndani yake. Alipopanda tena alipanda mbele.

Chumba chako kilikuwa na dirisha moja. Mama mwenye nyumba alikuwa amekusanya kila kitu vizuri, hakuna kilichopotea: ndoo, godoro, mashati mawili, kioo cha kunyolea, sanduku la vifaa. Alikuwa analia kabla hatujaingia. Alisema ulikuwa mkimya, ulimtengenezea pasi, tulidhani amesafiri, mama, nisamehe, tulidhani amesafiri. Mama yako alimuuliza swali moja, kichwa chako kilikuwa upande gani. Akaonyeshwa. Akajilaza kwenye godoro lile, kichwa upande huohuo, akafumba macho. Mimi na yule mama tukasimama mlangoni kama watoto waliochelewa shule. Sijui ilikuwa muda gani. Aliinuka mwenyewe, akaanza kukunja mashati.

Sanduku la vifaa alikataa nilitie kwenye buti. Alilipakata njia nzima, zito vile.

Tuliposhuka kurudi huku bondeni, joto likatupokea, jasho likaanza. Nikabonyeza kitufe cha baridi. Niliona ni kitu pekee nilicho nacho cha kumpa. Kompresa ikashika, hewa ikaja. Akakaa nayo labda dakika moja, akaweka kiganja mbele ya tundu, halafu akakitoa haraka.

"Ni yeye aliyeitengeneza?"

"Ni yeye."

"Zima. Siwezi."

Nikazima. Tukateremsha vioo, tukaja na vumbi na moshi wa watu wanaochoma majani. Matema, kabla hajapanda mtumbwi, alisema "Ndaga," mara moja, kwa Kinyakyusa, lugha yangu. Sijui kama alikuwa ananishukuru mimi au gari. Hajasema amenisamehe na mimi sijamuuliza. Jumamosi iliyofuata alinipigia tena: ana vyungu ishirini na vitatu, wanunuzi wa Matema wamekuwa wachache, mjini vitatoka. Nikaenda. Tulivifunga kwa majani ya migomba makavu, tukavipanga kiti cha nyuma na kwenye buti, nikaendesha kama nimebeba mayai. Kimoja kilivunjika Ipinda kwenye tuta. Alinitazama, tukaendelea na safari.

Tangu hapo ni kila Jumamosi. Hatuongei sana. Wakati mwingine ananiuliza kitu kimoja juu yako, kama ulikuwa unakula vizuri kwangu, kama shuleni ulikuwa unapigana. Juzi aliniuliza kama niliwahi kukuchapa. Nikamwambia ndiyo, na kwa nini. Akageukia dirishani. Nilitegemea ashuke. Hakushuka.

Hizo ndizo habari zangu. Mzee Asajile anasema watu wameanza kukutaja tena gerejini, wanasema yule Lusajo angekuwepo angelijua hili. Sasa wanasema.

Sikuombi msamaha, mwanangu. Wa kunijibu hayupo, na najua ni nani aliyemfanya asiwepo. Ninakuahidi hivi: mama yako hatabeba vyungu kichwani kutoka Matema maadamu gari hili lina magurudumu na mimi nina macho. Nikizeeka nikashindwa kuendesha, gari ni lake. Nimeshaandika na Mchungaji ameshuhudia. Na popote jina lako litakapotajwa nami nikiwepo, nitasimama, hata wakinichoka.

Sasa naikunja barua. Kesho ni Jumamosi, nitaivusha mwenyewe hadi Ikombe, nitaifukia kwenye udongo wako, na mama yako nitamsomea kwanza, kila neno, kama atataka kusikia.

Kwa heri, Lusajo. Hukuiba. Hukuniibia mimi wala mtu yeyote.

Mwalimu wako,
Atuganile